Kwa nini gitaa la Stratocaster haliishi hamu? Rock, rege, dansi, taarab ya kisasa, kote limo

#1 Mwana wa Malindi

Assalaam alaykum wakuu.

Kuna jambo linanishughulisha. Fundi Mmarekani Leo Fender alilitoa gitaa la umeme la Stratocaster mwaka 1954 kule Fullerton, California. Alikuwa anawalenga wapigaji wa country na mabendi ya dansi ya Marekani ya magharibi. Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa wa rock, alikuwa bado mtoto, disko haijazaliwa, rege haijazaliwa. Sasa zaidi ya miaka 70 imepita, umbo ni lile lile, pikapu tatu zile zile (vidaka sauti) chini ya nyuzi, mkono ule ule wa tremolo wa kulegezea na kukazia nyuzi. Nenda Nungwi, nenda Paje, bendi ya hoteli ikipanda jukwaani mpiga solo ana Strat au kopi yake. Taarab ya kisasa, limo. Dansi, limo. Rock ndiyo kwao. Gari ya 1954 leo iko makumbusho, gitaa la 1954 bado liko kazini. Kwa nini?

Msimamo wangu: ni sauti. Pikapu tatu na swichi moja zinakupa sauti tano, basi kila muziki unapokuja unakuta yake ishawekwa. Mwenye hoja nyingine ailete tuisikie.

#2 PajeUpepo

Nimekaa siti ya mbele. Waje wataalamu.

#3 Fundi Redio Darajani

Mwana wa Malindi, hapo kwenye sauti tano simama kidogo. Gitaa la 1954 lilikuja na swichi ya nafasi tatu tu. Ya nafasi tano kiwanda kilianza kuiweka 1977. Kabla ya hapo wapigaji wenyewe waligundua kwamba ukiisimamisha swichi katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili zinalia pamoja na sauti inatoka nyembamba, ya puani kidogo, tamu sana. Walikuwa wanaibana swichi kwa kijiti ili isirudi. Kwa hiyo mbili katika hizo tano zako Leo Fender hakuzikusudia.

Mimi nasema ni ufundi, na nitasema kwa nini. Yule bwana kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutengeneza redio, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Alilijenga akijua kwamba siku moja litaharibika na litarudi mezani. Shingo imefungwa kwa skrubu nne, haina gundi. Umeme karibu wote umening'inia kwenye bamba moja la plastiki: fungua skrubu zake, nyanyua, pikapu na swichi na vitasa vyote viko mkononi. Unachoma risasi waya uliokatika, unarudisha, mtu anaondoka jioni ile ile. Les Paul, gitaa la kampuni ya Gibson, shingo yake imegundishwa. Ikivunjika pale kwenye kichwa, na hapo ndipo inapopenda kuvunjika, kazi yake ni kubwa na wengi hawaiwezi.

Kwetu hapa chumvi ya bahari inakula skrubu, inakula nyuzi, inakula vitasa ndani. Gitaa linalofunguka kirahisi ndilo linalobaki hai.

#4 Bi Nyota

Mashallah Fundi, umeeleza. Lakini nyote wawili mmeruka jambo la kwanza kabisa, nalo ni mwili wa anayelipiga.

Telecaster, gitaa jingine la Fender, ilitangulia, na ubao wake ni wa mraba mraba, kingo zimesimama. Wapigaji walilalamika kwamba zinawachoma mbavuni. Ndipo Strat ikachongwa: nyuma pametolewa mahali pa tumbo na mbavu, mbele pamelazwa mahali pa mkono. Aliyechora umbo hilo kwa sehemu kubwa ni Freddie Tavares, mtu wa Hawaii, naye alikuwa mwanamuziki. Na pembe zile mbili zimekatwa ili mkono ufike juu kabisa ya shingo bila kujikunja.

Mimi napiga kwenye harusi za wanawake. Shughuli ikianza baada ya isha hujui itakwisha lini, maana watu wakishapanda kutunza ndiyo hivyo tena. Gitaa zito lenye kingo bega linakufa ganzi. Strat nikiivaa naisahau kwamba ipo. Mtu asiyepiga masaa mengi hawezi kulijua hili, na ndiyo maana halitajwi.

#5 Mpemba Halisi

Yakhe, nyote mnazunguka mbuyu. Ni umaarufu.

Mwimbaji wa rock Buddy Holly alionekana nalo kwenye televisheni ya Marekani 1957. Uingereza, Cliff Richard alimwagizia Hank Marvin wa The Shadows moja mwaka 1959, na vijana wa kule walipoliona wakaingia wazimu. Halafu Hendrix, tamasha la Woodstock, Agosti 1969, kalishika kinyume kwa sababu ni mashoto na gitaa ni la kulia. Picha ile imezunguka dunia nzima. Baada ya hapo kila kijana akifikiria neno gitaa la umeme, kinachomjia kichwani ni lile umbo. Angekuwa Hendrix ameshika kitu kingine, leo Mwana wa Malindi angefungua uzi wa hicho kingine, Fundi angetueleza kinavyofunguka na Bi Nyota angetueleza kinavyokaa begani.

#6 Mwana wa Malindi

Mpemba, Hendrix alikuwa na uwezo wa kushika chochote anachotaka. Swali ni kwa nini alishika hilo.

Na Fundi, hoja yako inazidi kunipa nguvu. Kama watu walihangaika na vijiti ili wapate sauti za katikati, basi sauti zenyewe ndizo zilizowavuta. Hebu sikilizeni "Let's Dance" ya David Bowie, 1983. Nile Rodgers yumo humo na Strat yake, ile mikato mikavu mifupi ya kuchezesha watu. Na anayepiga solo za blues humo humo ni Stevie Ray Vaughan, mtu wa Texas, naye wa Strat, nyuzi nene, sauti nzito. Wimbo mmoja, miziki miwili isiyojuana, aina moja ya gitaa. Nionyesheni gitaa jingine lenye ushahidi wa namna hii.

#7 Mzee wa Kanuni

Wanangu, amani kwenu. Nimesoma kuanzia juu. Mpemba Halisi, nakukatalia kwa adabu.

Unazungumza kana kwamba gitaa la umeme lilifika masikioni mwetu kwa njia ya Woodstock. Kwetu wenye taarab njia ilikuwa Kairo. Tangu Sayyid Barghash alipompeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, masikio ya Unguja yanaelekea huko. Na mwaka 1964 Umm Kulthum alipoimba "Enta Omri" ya Mohammed Abdel Wahab, ndani ya okestra ile kubwa ya fidla na kanuni na nai, gitaa la umeme likasikika. Watu walishtuka. Baadaye akaja kijana Omar Khorshid, akapiga gitaa lake nyuma ya Umm Kulthum huyo huyo na nyuma ya Abdel Halim Hafez. Tanga nao, Black Star wakaingiza gitaa na besi katika taarab yao, na mtindo ule ukasambaa pwani yote. Katika hayo hakuna aliyemuuliza Hendrix.

Kinachonishughulisha mimi ni jingine. Udi hauna freti, vile vyuma vya kukata shingo. Fidla haina freti. Kidole kinakwenda kinapotaka, robo toni inapatikana. Gitaa lina freti, na freti ni amri. Maqamu ya bayati, moja ya ngazi za sauti za Kiarabu, noti yake ya pili haimo kwenye freti yoyote, imekaa katikati ya mbili. Sasa gitaa la namna hii limewezaje kuingia kwenye taarab likakubalika? Hapo ndipo pa kuchimba.

#8 PajeUpepo

Mzee, shikamoo. Ila hayo ni ya gitaa la umeme kwa jumla. Uzi ni wa Strat.

#9 Chake mpaka London

PajeUpepo usimzuie mzee, kafungua mlango mzuri.

Mzee wa Kanuni, shikamoo. Umewahi kumsikia Dick Dale? Kule California wanamwita mfalme wa muziki wa surf. Baba yake asili yake Lebanon. Utotoni alijifunza ngoma ya Kiarabu kwa ami yake, na ami huyo alikuwa anapiga udi. Mwaka 1962 akatoa "Misirlou", ambayo ni nyimbo kongwe ya huko Mediterania ya mashariki, akaipiga kwa Strat kwa kasi ya ajabu, mkono wa kushoto, maana ni mashoto, unatetema kwenye uzi mmoja kama afanyavyo mpiga udi na risha. Leo Fender mwenyewe alimpa gitaa na maamplifaya ayajaribu, na alikuwa anayaunguza, hivyo yakatengenezwa yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo huyo mtu wa country aliyekusudiwa na Fender kachukuliwa nafasi mapema sana na mtu mwenye udi kwenye damu.

Na robo toni: shika freti ya chini ya ile noti unayoitaka, vuta uzi kidogo, usifike freti ya pili. Upo katikati. Kwa mkono wa tremolo ni rahisi zaidi, maana springi za nyuma zikilegezwa vizuri unapandisha na kushusha kidogo kidogo. Msikilize Jeff Beck, Mungu hakumpa umri zaidi, alifariki Januari 2023. Alikuwa anapiga kwa vidole bila piki (kile kibao cha kukwaruzia nyuzi), mkono wa tremolo umo kiganjani muda wote, na gitaa linaimba kwa koo. Nikimsikiliza nakumbuka wasomaji wa kasida.

#10 Mzee wa Kanuni

Ahsante mwanangu. Huyo Jeff Beck nitamtafuta. Kama ni kweli anapanda na kushuka bila kuonekana ngazi, basi nimeanza kuelewa.

#11 Msomaji Tu

Mimi huwa nasoma tu ila leo nimeshindwa kunyamaza.

Mnataja Wazungu wote, mtoto wa Mji Mkongwe mmemsahau. Farrokh Bulsara, Freddie Mercury, kazaliwa hapa Unguja 1946. Queen imeuza sahani dunia nzima, na gitaa la Queen halikuwa Strat. Brian May alilitengeneza mwenyewe na baba yake, walianza 1963, shingo imetoka kwenye mbao ya meko ya zamani, springi zimetoka kwenye pikipiki, na anapigia sarafu badala ya piki. Kama mtu anaweza kufika alipofika kwa gitaa la nyumbani, basi hoja zenu zote za Strat zinaanguka. Ni mkono wa mtu.

Hata Ibrahim Ag Alhabib wa bendi ya Tinariwen kule jangwani Mali alianza na kopo, kijiti na waya wa breki ya baiskeli. Watoto wa hapa nao wametengeneza magitaa ya debe na mshipi wa kuvulia tangu zamani. Muziki hautoki kwenye chapa.

#12 Fundi Redio Darajani

Msomaji Tu, karibu, na umetuletea kisa kizuri. Lakini kifungue ndani. Gitaa la Brian May lina pikapu ngapi? Tatu, za koili moja moja. Lina tremolo? Lina. Kijana yule na baba yake walikuwa huru kuchagua chochote, meza ni yao, misumari ni yao, na bado wakaishia pikapu tatu na tremolo. Tofauti yake ni kwamba kila pikapu ina swichi yake. Mimi naliona kama shahidi wa Mwana wa Malindi, sio wako.

#13 Msomaji Tu

Pikapu tatu si miliki ya Fender. Na sauti yake haifanani na Strat hata kidogo. Bado nasema mkono.

#14 Bi Nyota

Mkono, naam, lakini mkono unachoka. Narudi pale pale kwangu.

#15 Mpemba Halisi

Nimekuja na hoja ya pili, maana ya kwanza mmeipiga vita lakini hamjaiangusha.

Kopi. Umbo la Strat limeigwa na kila kiwanda duniani. Fender walijaribu kulisajili umbo la mwili kama alama yao ya biashara Marekani, wakapingwa, na mwaka 2009 wakakataliwa: umbo lilishakuwa la kila mtu, wengine walilitengeneza miaka mingi bila kuzuiwa. Kwa hiyo bei inaanzia chini kabisa. Gitaa lilikuwa dola 249.50 mwaka 1954, pesa nyingi wakati ule. Leo mtu anapata kopi ya bei nafuu, na Fender wenyewe wana chapa ya Squier kwa ajili ya wenye mfuko mdogo. Nendeni mkatazame hizo bendi za Nungwi mlizozitaja, mtuambie ngapi zina Fender halisi. Kitu kinachopatikana ndicho kinachoenea. Sio sauti, sio mbavu.

#16 Mwana wa Malindi

Mpemba, watu huiga kizuri. Hakuna aliyehangaika kuiga kibaya kwa miaka 70.

#17 Mpemba Halisi

Watu huiga kinachouzika, yakhe.

#18 Chake mpaka London

Na kinachouzika kinauzika kweli. Strat nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd ilipigwa mnada Juni 2019 kwa dola 3,975,000. Ile ya Eric Clapton waliyoiita Blackie ilikwenda dola 959,500 mwaka 2004. Na hapa Fundi atafurahi: Blackie haikutoka kiwandani nzima. Clapton alinunua Strat kadhaa za mtumba kule Nashville 1970, nyingine akawapa rafiki zake, zilizobaki akachukua shingo ya hii, mwili wa ile, pikapu za nyingine, akaunga moja. Karibu dola milioni kwa gitaa la viraka.

#19 Fundi Redio Darajani

Nimefurahi! Haya sasa, mnaona? Les Paul tatu huwezi kuzigeuza moja. Na Clapton huyo huyo tremolo aliizuia kabisa isicheze, kwa kuwa hakuitaka. Gilmour anaitumia. Beck hakuweza kuishi bila hiyo. Gitaa moja, kila mtu kalifungua akaliweka anavyotaka yeye, na halikumgomea hata mmoja.

#20 Kijana wa Wete

Shikamooni wakubwa. Uzi umenisomesha mengi. Nna suala kidogo liko pembeni. Nna kopi ya Strat, nikiiwasha kwenye amplifaya inavuma muda wote, nikishika nyuzi inapungua, nikiachia inarudi. Nimeambiwa gitaa bovu nitupe. Ni kweli?

#21 Fundi Redio Darajani

Marahaba mwanangu. Usitupe, gitaa ni zima. Pikapu ya koili moja inadaka mvumo wa umeme wa hewani, ndiyo tabia yake, hata za bei ghali zinavuma. Kupungua ukishika nyuzi ni dalili njema, maana waya wa ethi kwenye daraja umefika. Sogea mbali na taa za tyubu, mbali na chaja za simu na transfoma ya amplifaya. Geuka pembeni kidogo, utasikia mvumo unashuka. Halafu weka swichi nafasi ya pili au ya nne. Kwenye magitaa mengi ya siku hizi pikapu ya kati imezungushwa kinyume, zikilia mbili mvumo unakatana. Na hakikisha soketi ya ukutani ina ethi kweli. Nyumba nyingi soketi ina tundu tatu lakini la tatu halijaungwa na kitu.

Gibson walilitibu jambo hili kwa pikapu ya koili mbili, Seth Lover aliibuni 1955. Mvumo ukaondoka, ila na ile ncha kali ya sauti ikapungua. Huwezi kupata vyote.

#22 PajeUpepo

Fundi, na ule wakati umeme ulipokatika Unguja nzima, Desemba 2009 mpaka Machi 2010? Hoteli zote jenereta. Magitaa yote yalikuwa yanavuma, au sisi tu?

#23 Fundi Redio Darajani

Wote. Jenereta ndogo bila ethi, na nyaya za gitaa zimelazwa juu ya nyaya za umeme jukwaani. Kazi nilipata nyingi msimu ule. Kila anayekuja anadhani pikapu imekufa.

#24 Bi Nyota

Msimu ule tulirudi kwenye akodiani na dumbak, na watu walicheza vile vile.

#25 Mzee wa Kanuni

Bi Nyota, hilo neno zito, na ndilo nililotaka kulifikia. Nimemsikiliza huyo Jeff Beck tangu jana. Nasema haya.

Katika okestra ya taarab kila chombo kina mahali pake. Fidla ziko juu, zimeshika nyimbo. Akodiani inajaza katikati. Kanuni inamwagika juu ya vyote. Besi chini. Gitaa lenye sauti nene likiingia hapo linakanyaga akodiani na linakanyaga sauti ya mwimbaji, na mwimbaji ndiye mwenye shairi, na shairi ndilo watu walilolifuata. Strat sauti yake ni nyembamba, ina ncha, katikati haina uzito mkubwa. Inapita pembeni ya mwimbaji bila kumgusa. Nadhani ndiyo maana imekubalika kwetu, na huenda ndiyo maana wale wa dansi nao wameikubali, kwa kuwa dansi nayo ni magitaa mawili matatu yanazungumza kwa pamoja na kila moja lazima lisikike. Sisemi ni bora. Nasema ina adabu mbele ya wenzake.

#26 Mwana wa Malindi

Mzee, hiyo ni sauti! Umekuja upande wangu.

#27 Mzee wa Kanuni

Sikuja upande wako mwanangu. Wewe umesema ina sauti nyingi. Mimi nasema ina sauti chache zinazojua kukaa mahali pake. Si jambo moja.

#28 Msomaji Tu

Na Hendrix je? Yeye aliipigia amplifaya wazi kabisa ikajaza uwanja mzima, haikukaa pembeni ya mtu. Mzee, adabu ni ya mpigaji.

#29 Mpemba Halisi

Hapo Msomaji Tu kamshika mzee.

#30 Kijana wa Wete

Fundi, ahsante sana, mvumo umepungua nafasi ya pili, na soketi kweli haikuwa na ethi. La mwisho: kuna mtu Chake anauza nyingine ya mtumba, anasema ni ya Japani. Nitaijuaje kama shingo imepinda?

#31 Fundi Redio Darajani

Fender Japani ilianza 1982, zimo nzuri sana humo, lakini usinunue neno, nunua gitaa. Litazame shingo kwa urefu kutokea kwenye daraja kuelekea kichwani, kingo mbili ziende sambamba. Halafu bonyeza uzi mnene freti ya kwanza na ile ya mwisho kwa pamoja, tazama katikati: uwazi uwe mdogo wa kupita kadi ya simu nyembamba. Ukiwa mkubwa, kuna chuma ndani ya shingo kinachokazwa kwa ufunguo, muulize kama kinazunguka. Kama kimeshika kutu hakizunguki, achana nalo hata akupunguzie nusu. Mwisho fungua kibati cha springi nyuma, kinaondoka kwa bisibisi. Ukikuta kutu nyingi humo, limekaa karibu na bahari bila kufutwa, na pikapu huenda zimeguswa. Chukua picha za humo ndani uzilete hapa kabla hujatoa pesa.